Daraja Lisilo na Picha

Ukungu wa mtoni ulipopanda asubuhi, Ndunge hakuhitaji kulala ndipo aote. Aliketi kwenye kigoda chake kando ya maji, nyuma ya sufuria kubwa ya maharagwe, moshi wa makaa ukamzunguka, ukungu nao ukaja kumlaki, vikachanganyika hata hujui moshi ni upi na ukungu ni upi. Hapo ndipo daraja lilipomjia. Lilianzia ukingo wa huku, taratibu, ubao baada ya ubao, kama mtu anayekunjua mkeka, likafika katikati ya mto, likasita. Kila siku lilisita pale pale. Ndunge akilisukuma kwa macho, "Enda, enda basi," sufuria inafurika, makaa yanalia ssss, na daraja linarudi kuwa hewa.

Ndunge ni mama maharagwe wa Baba Dogo, upande wa viwandani. Ukimuulizia pale penye kiwanda cha sabuni utaonyeshwa kwa kidole, na anayekuonyesha atakuonya: ukifika usiseme chumvi imepungua. Alitoka Ukambani akiwa msichana mbichi, akapanga chumba kimoja kwenye ploti ya mabati karibu na mto, na hakuhama tena. Miaka thelathini na minane. Mumewe alifia humo, mwanawe Kiilu alizaliwa humo akakulia humo akaenda zake Mombasa kutafuta kazi. Watu walihamia Kayole, wengine wakarudi mashambani, Ndunge akabaki. "Mimi ploti hii nitatolewa nikiwa nimelala," alikuwa akisema, na hakumaanisha kulala usingizi.

Ng'ambo ya mto aliishi Anab.

Namna walivyojuana, kila mmoja alikuwa na yake. Ndunge alisema hivi: mfanyakazi mmoja wa kiwandani alikuja na chapati amezifunga kwa gazeti, akachovya kwenye maharagwe yake bila hata kuomba ruhusa. Ndunge akamega kipande kuona ni nini hicho kinachoingia kwenye chakula chake. Kikayeyuka mdomoni kama kitu ulichokiota. Akakasirika. Akavuka daraja, wakati huo likiwa bado lipo, na aproni yake, akaulizia, akamkuta mama wa Kisomali ameketi mkekani anasukuma unga, watoto wamemzunguka.

"Chapati yako ina mafuta mengi," Ndunge akamwambia, salamu hana.

Anab hakuinua macho. "Na maharagwe yako yanasifiwa na nani? Wewe mwenyewe?"

Kesho yake Anab alivuka na beseni kichwani, chapati zimefunikwa kitambaa cheupe, akaketi kulia kwa Ndunge. Akakaa hapo miaka ishirini na miwili. Watu wa viwandani wakasahau kwamba hao ni watu wawili. Walisema "twende kwa wamama", wakila chapati za mmoja na maharagwe ya mwingine sahani moja. Mwezi wa Ramadhani Anab alipika na hakula, na Ndunge naye akawa anakula kwa kujificha nyuma ya sufuria kama mwizi, mpaka Anab akacheka: "Kula, Mama Kiilu! Mungu wangu anajua wewe ni Mkamba."

Daraja walilopitia halikujengwa na serikali. Lilikuwa vyuma viwili vya reli na mbao juu yake, watu wenyewe walilaza zamani, na kila mbao ilipooza mtu alileta nyingine. Mvua ya Aprili ilipokuja ile mbaya, mto ulipanda hadi kwenye vizingiti vya nyumba, na daraja likaenda mchana kweupe, watu wakilitazama. Halikuvunjika. Liliinuka tu, likageuka upande, likaondoka zima zima kama mtu aliyeitwa.

Tangu siku hiyo ilikuwa miezi minane.

Utasema, si kuna njia ya kuzunguka? Iko. Unapanda mpaka barabara kubwa, unavuka daraja la magari, unateremka upande wa pili, unapenya vichochoro. Kwa miguu ya mzee ni saa mbili. Lakini ile wiki ya mafuriko Ndunge alisimama ukingoni mbele ya watu wote, matope mpaka magotini, akaapa: "Mimi kwa Anab nitaenda kwa njia iliyonyooka. Sizunguki! Nyumba ya rafiki haizungukwi kama ya mdeni." Na Ndunge akishasema jambo mbele ya watu, amelijengea mabati.

Kwa hiyo walipigiana kelele. Saa nne, wafanyakazi wakishakula wakaondoka, Ndunge alisimama huku, na kule ng'ambo akaona shuka la Anab, jekundu kama ua, kando ya nguzo ya stima.

"Umeamka?"

"Nimeamka!"

"Miguu?"

"Ipo!"

Maneno yalifika yamelowa, nusu yameliwa na maji. Mafupi ndiyo yaliyovuka. Habari ndefu zilizama, na umbea haupigiwi kelele, kwa hiyo miezi minane hawakusengenya mtu. Simu walikuwa nazo, lakini Anab kwenye simu husalimia kwanza, watoto, wajukuu, mvua, afya, amani, na akimaliza salamu simu nayo imekatika.

Ilikuwa kwa simu hiyo, hata hivyo, kabla ya kukatika, Ndunge alisikia jambo lililomkaa kifuani. Keynan, mtoto mkubwa wa Anab, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Komarock, alikuwa anataka kumchukua mama yake akakae kwake. Mwisho wa mwezi.

"Anasema nimebaki peke yangu," Anab alisema.

"Peke yako na mimi niko wapi?"

"Wewe uko ng'ambo, abaayo," Anab akajibu kwa upole, akimwita dada kwa Kisomali, na simu ikakatika.

Ndunge alihesabu. Siku kumi na tisa. Komarock si mbali kwa mwenye gari, lakini kwa bibi mwenye sufuria ni nchi nyingine. Akaona jambo moja wazi kama jua: daraja likirudi, Anab atavuka na beseni lake, Keynan ataona mama yake ana kazi na ana mtu, basi. Daraja. Siku kumi na tisa.

Na kama vile mtu alikuwa akimsikiliza, kesho yake likaja gari jeupe.

Gari lilipita polepole kwenye vichochoro na kipaza sauti juu: Jumatano wananchi wote wakutane uwanjani kwa kanisa, watu wa utafiti wanataka kujua wananchi wenyewe wanataka maendeleo gani yaanze. Si maendeleo ya mkubwa fulani. Yenu. Semeni wenyewe. Ndunge aliacha mwiko ndani ya sufuria. Usiku ule na mchana uliofuata daraja lilivuka katikati ya mto kwa mara ya kwanza. Alilisikia likigusa ukingo wa ng'ambo, tup, kama mlango wa kabati unaofungwa vizuri.

Sasa kuna jambo la watu wa pale ambalo mgeni halijui. Mgeni akija na gari kukuuliza unataka nini, hujibu kwanza. Unaangalia gari. Gari likiwa na picha ya chandarua, unasema mbu wanatumaliza. Likiwa na picha ya mtoto na kitabu, unasema shule. Maana mtu hubeba alichobeba, na ukimwomba asicho nacho umemwaibisha, na wewe umekosa vyote viwili. Hivyo ndivyo walivyopata vyandarua miaka ile, mpaka vikafungiwa kuku na kuzungushiwa sukuma wiki.

Lakini gari hili halikuwa na picha. Jeupe tupu, kama yai.

Mzee Mureithi, mwenyekiti wa Nyumba Kumi, alilizunguka mara mbili akiwa na mikono nyuma. Kisha akafanya alichoona ni busara: akamfuata dereva, kijana anayeitwa Wafula, aliyekuwa ameegemea mlango.

"Kijana wangu, gari hili ni la mambo gani?"

Wafula akajikuna shingo. "Nadhani ni mambo ya maji, mzee."

Basi. Kabla ya saa sita ploti zote zilijua. Mureithi alipita mlango kwa mlango: maji, maji, kauli moja, tusigawanyike. Alipofika kwa Ndunge alikuta ameinamia jiko.

"Mama Kiilu, Jumatano ni maji."

"Maji tunayo Jumanne, Alhamisi na Jumamosi."

"Tutakuwa nayo kila siku."

"Mimi nataka daraja."

Mureithi akacheka, kicheko cha mtu mwenye wadhifa. "Daraja la nini? La kwenda kupiga porojo? Usituharibie kura, mama. Hao watu wana maji mkononi, wewe unawaomba mbao."

"Wewe waliokuchagua," Ndunge akasema, "walikuwa wanaangalia gari gani?"

Jumatano uwanja ulijaa. Waliweka meza, na juu ya meza picha sita zimebandikwa kwenye makaratasi: bomba la maji, taa ya barabarani, zahanati, choo, barabara ya lami, darasa. Msichana mmoja mwembamba, jina lake Jacky, mwenye kitambulisho shingoni na sauti nzuri, akaeleza. Kila mtu atapewa maharagwe kumi. Yale maharagwe ndiyo moyo wako. Unachokitaka sana unakiwekea mengi, unachokitaka kidogo unakiwekea machache. Hakuna jibu baya.

Ndunge alipopewa yake aliyafungua kiganjani, akayatazama, akang'ata moja.

"Msichana, haya mmenunua wapi?"

"Sokoni Muthurwa, shosho," akajibu kama anayemwambia nyanya yake.

"Mmeuziwa ya mwaka juzi. Haya hata uyachemshe mpaka kesho kutwa, yatakuangalia tu."

Watu wakacheka, Jacky naye akacheka. Foleni ikasogea. Maharagwe yakaanguka kwenye picha ya bomba, tak tak tak, kumi ya huyu, kumi ya yule, mpaka bomba halikuonekana, kilima kimelifunika. Mureithi alisimama pembeni akitingisha kichwa kila mtu alipomaliza, kama padri anayepokea sadaka.

Zamu ya Ndunge ilipofika, alisimama muda mrefu. Jua lilikuwa limepiga karatasi zile mpaka zinameremeta, na akaona kama picha zinaelea, bomba linaelea, darasa linaelea, na katikati yake kuna mahali patupu pa mbao ya meza, peusi, parefu. Mahali pale palikuwa pamekaa kama mto. Akayaweka maharagwe yake hapo, moja moja, kwa mstari, kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili. Kumi.

"Shosho, hapo hakuna picha," Jacky akasema taratibu.

"Najua. Ndiyo shida yenyewe."

"Unataka nini hapo?"

"Daraja. Lililoenda na maji."

Nyuma watu wakaanza. "Mama Kiilu, weka kwa maji twende!" "Huyu anataka kuvuka aende akaolewe!" "Shosh, wacha hizo, jua ni kali!" Ndunge hakugeuka.

Jacky akaangalia simu yake kubwa ile ya kuandikia. Akapapasa, akapapasa tena. "Kwa hii fomu daraja halipo, shosho. Tena tunauliza wadi hii peke yake. Mto ndio mpaka. Daraja likianzia hapa, litaishia wadi ya wenyewe."

"Kwani daraja la kuanzia hapa na kuishia hapa ni daraja gani hilo?"

Jacky akaishusha simu ile. Halafu akauliza swali ambalo Ndunge hakulitarajia, akaliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, si kama mtu wa fomu. "Likijengwa, shosho, siku ya kwanza utaenda kufanya nini?"

Ndunge alifungua mdomo. Alitaka kusema biashara. Alitaka kusema watoto wa shule, wagonjwa, wafanyakazi, yale maneno makubwa watu hupenda kuyaandika. Yalikuwa yamejipanga ulimini. Akasikia kinywa chake kinasema, "Nitaenda kukaa chini."

"Kukaa chini?"

"Kukaa chini na mtu."

Jacky akaandika mahali pa mwisho kabisa, palipoitwa mengineyo: daraja, mtu mmoja. "Kesho tuko ng'ambo," akasema kwa sauti ndogo. "Labda wa huko watalitaja pia."

Labda hiyo Ndunge aliondoka nayo kama kaa la moto ndani ya aproni. Kama ng'ambo watalisema wote, na huku ameshalisema yeye, hata fomu iwe kipofu itaona! Jioni alimpigia Anab, simu ikaishia kwenye habari za wajukuu. Basi ataenda mwenyewe. Na kiapo? Alikifikiria akiwa anachagua maharagwe ya kesho, akayachagua mara mbili bila kujua. Mwisho akajiambia: siendi kwa Anab. Naenda kwa daraja. Kiapo kiko pale pale.

Alfajiri ya Alhamisi, kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe, jiko halikuwashwa. Alipanda mpaka barabara kubwa, akavuka daraja la magari huku malori yanamtetemesha mpaka meno, akateremka upande wa pili. Ukungu ulikuwa bado. Vichochoro vya ng'ambo vilikuwa kama vya huku, mabati yale yale, kamba za nguo zile zile, lakini kila kitu kimegeuzwa, mto uko kushoto badala ya kulia, na Ndunge akahisi kama mtu anayetembea ndani ya kioo. Adhana ilikuwa imekwisha. Harufu ya iliki ilitoka kwenye madirisha. Alikuwa ameisahau. Miaka ishirini na miwili aliinusa kwenye nguo za Anab, na hakujua kwamba ina mahali inakotoka.

Gari jeupe lilikuwa limeshafika. Wafula alimtambua. "Ah, mama wa jana!"

"Wewe. Nani alikwambia gari hili ni la maji?"

Wafula akaona haya. "Hakuna. Mimi ni dereva tu, mama. Yule mzee aliniuliza kwa heshima sana, na mimi sijui. Nikaona ni vibaya kumnyima mzee jibu."

Ndunge alimtazama. Alitaka kumtukana, neno likakataa kutoka, maana hata yeye angefanya vivyo hivyo. Watu mia mbili wameomba maji kwa sababu kijana mmoja ana adabu.

Meza ilikuwa chini ya turubai, picha ni zile zile sita. Hapa watu hawakuwa na kauli moja. Maharagwe yametawanyika, machache kwa taa, machache kwa choo. Ndunge akajipenyeza, akawaambia kina mama waliosimama mbele, "Semeni daraja, dada zangu, semeni daraja, hata kama halina picha." Wengine wakatikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomtikisia mgeni.

Kisha akamwona Anab.

Walimleta kwenye kiti cha plastiki. Wanawake wawili walishika miguu ya kiti, wa tatu mgongo, wakamtua mbele ya meza kama wanavyotua mzigo wa vyombo vya udongo. Shuka lilikuwa lile jekundu. Lakini mwili uliokuwa ndani ya shuka ulikuwa umepungua, na Ndunge, ambaye kwa miezi minane aliona ua limesimama kando ya nguzo, sasa akaelewa kwa nini siku zote lilikuwa kando ya nguzo.

Anab hakumwona. Alinyoosha mkono, akayamwaga maharagwe yake kumi kwenye picha ya zahanati. Yote, kwa mkupuo. Wala hakufikiri.

"Mama Keynan!"

Anab akageuka. Uso wake ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena. "Wee! Umezunguka?"

"Sikuzunguka. Nimekuja kwa daraja. Na wewe umesema zahanati!"

"Nimesema zahanati."

"Hata wewe? Mimi jana nimechekwa na wadi nzima, nimeweka yangu kumi juu ya mbao tupu kwa ajili yako, na wewe..." Sauti ilimpasuka, akaona aibu ya kupasuka, akaongeza ukali. "Ungesema hata tano! Hata moja!"

Anab akamwashiria ainame. Ndunge akainama, mkaidi hivyo hivyo, mpaka harufu ya iliki ikamfunika.

"Abaayo," Anab akasema sikioni mwake, "daraja likija leo jioni, la chuma, la mkubwa mwenyewe, mimi sitalivuka. Magoti yamekwisha. Tangu mwezi wa sita."

"Nilikuuliza kila siku. Miguu? Ukasema ipo."

"Si ipo? Iko pale chini. Ningekupigia kelele habari za magoti mbele ya mto mzima?"

Ndunge alibaki ameinama. Kichwani mwake lile daraja la asubuhi lilikuja tena, likapita katikati bila kusita, likafika, na juu yake hapakuwa na mtu. Upepo tu, na mbao safi, na upande wa pili kiti cha plastiki. Miezi minane alikuwa akijenga kitu cha Anab kuja kwake. Hakuwahi hata siku moja, kwenye ndoto zake zote, kuota yeye ndiye anayevuka.

Wakambeba Anab nyumbani, safari hii Ndunge akiwa ameshika mguu mmoja wa kiti na kuwagombeza wenzake wasiyumbe. Chumba kilikuwa kimeanza kufungwafungwa. Mikeka imekunjwa. Beseni la chapati limejazwa nguo. Walikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, wakasengenya miezi minane yote kwa saa tatu, Mureithi akapata sehemu yake kubwa, na Anab akacheka mpaka akashika ubavu. Ndunge alikuwa amekaa chini.

Saa kumi Keynan akaja, mrefu, ndevu zimechanwa, akamwamkia Ndunge kwa mikono miwili. Humwita habaryar, kama wanavyomwita mama mdogo kwao.

"Habaryar, karibu. Umekuja kumuaga?"

"Nimekuja kukuuliza. Kwa nini unamhamisha?"

"Hawezi kukaa peke yake. Asubuhi anahitaji mtu wa kumwinua, jioni mtu wa kumlaza. Mimi niko dukani. Kule kwangu yuko mke wangu."

"Na yeye anataka?"

Keynan akasita. Ni kana kwamba swali hilo halikuwa na mahali kwenye fomu yake pia. Akamgeukia mama yake. "Hooyo?"

Anab alikuwa anachezea pindo la shuka. "Wewe ulikuja na gari, mwanangu," akasema. "Gari lilikuwa la kwenda Komarock. Nikasema Komarock."

Nje kuku wa mtu walikuwa wakigombana kwenye chumba cha pembeni kisicho na mpangaji. Ndunge aliwasikiliza. Alijua anachotaka kusema, na alijua bei yake: miaka thelathini na minane, na kiapo, na kicheko cha Mureithi kitakachomfuata kichochoro kizima. Akauzungusha ulimi mara moja, mara mbili.

"Kile chumba cha pembeni kina nani?"

"Kuku wa jirani," Anab akasema.

"Kuku watatafuta kwingine."

"Mama Kiilu. Na ploti yako?"

"Ploti haina magoti." Akamtazama Keynan. "Asubuhi nitamwinua. Jioni nitamlaza. Akisukuma chapati atasukuma ameketi, mimi nitakuwa kwenye moto. Ukiona nimeshindwa, gari lako si liko?"

Keynan alimtazama mama yake kwa muda. Machozi yalikuwa yakimteremka Anab taratibu, bila kelele, na hakuyafuta. Hapo Keynan akaanza kuikunjua mikeka.

Ndunge alihama Jumapili kwa mkokoteni mmoja. Mureithi alikuwa mlangoni pake, kama alivyojua atakuwa.

"Si ulisema utatolewa ukiwa umelala?"

"Basi nimeamka," Ndunge akasema, na akamwachia sufuria ya zamani yenye mpasuko, achotee maji yake.

Matokeo yalisomwa mwezi uliofuata. Huku maji yalishinda, na watu wakapiga makofi. Ng'ambo hapakuwa na mshindi wa kuonekana. Mahali pa mengineyo hapakusomwa.

Asubuhi ya kwanza ng'ambo, Ndunge alimwinua Anab, akamketisha mlangoni, akaliweka jiko linapoweza kuonekana kutoka njiani. Ukungu ulipanda. Ng'ambo ya pili, kule alikotoka, ukingo ulikuwa mweupe, na mahali pa sufuria yake paliachwa wazi. Kwa muda akaona kama kuna bibi ameketi pale, moshi umemzunguka, anatazama huku. Akataka kumwita.

"Hilo jiko umeliweka kwenye upepo," Anab akasema nyuma yake.

"Jiko langu nalijua."

"Na upepo wa hapa naujua mimi. Wewe umekuja jana."

Moshi ukageuka, ukamwingia Ndunge machoni. Akaliinua jiko kwa vitambaa viwili, bila kugeuka, akalisogeza hatua mbili upande wa kulia.

"Hapo?"

"Kidogo tena."

"Wewe mama ni wa shida," Ndunge akasema, na akasogeza kidogo tena.